Ushauri wakuu: mdakaji huyu bado anacheza, nimtabirie Cooperstown au ninyamaze?

Kiti_cha_Nyuma (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Nimekwama na muda umenibana. Jumamosi natakiwa kusoma redioni makala ya dakika tano kuhusu mchezaji wa besiboli wa Marekani ambaye hajastaafu, nieleze kama anastahili Jumba la Magwiji kule Cooperstown. Ni mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira ya mrushaji. Ana homurani (pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote) zaidi ya 300, amewaleta nyumbani wakimbiaji zaidi ya 1,000, ana Glovu za Dhahabu (tuzo za ulinzi bora uwanjani) tano, ameitwa mechi ya nyota mara tisa, na amewahi kuwa mchezaji bora wa World Series, fainali ya ligi kuu. Kwangu huyu hana mjadala. Je, kuna kitu kinaweza kuniumbua hewani?

Bi_Hesabu
Umetaja mataji yote, ila asilimia yake ya kufika besi, yaani mara ngapi anafika bila kutolewa, umeiruka. Itaje.

Mwanakwetu_Dar
Mkuu, kumtabiria mtu heshima ya namna hiyo angali uwanjani ni kumbebesha mzigo. Ndiyo maana kanuni zinasubirisha. Acheze misimu isiyopungua 10, astaafu, ipite miaka mitano, ndipo jina lifike kwa waandishi wa besiboli. Kila mwandishi anachagua majina yasiyozidi 10, na anayeingia ni wa asilimia 75 kwenda juu. Ukikosa asilimia 5 unaondolewa, na ukidumu, mwisho wako ni miaka 10. Mwache amalize kazi yake.

Goti_Chini
Mimi nizungumzie udakaji wenyewe, maana watu hutazama fimbo tu. Vijana wa Lugazi, Uganda, walipokwenda mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika, wengi hapa kwetu ndipo walipojua kuwa kuna mtu anachuchumaa nyuma ya mpigaji mechi nzima. Kazi yake si kudaka tu. Mpira ukija chini kwenye usawa wa goti, mdakaji hodari huanza na glovu karibu na vumbi, anaupokea huku mkono unapanda, na kifundo kinatulia ndani ya eneo la straiki (mpira ukipita humo unahesabiwa dhidi ya mpigaji) mwamuzi akiwa bado anatazama. Anayeanzia juu akaufuata chini, glovu inazama pamoja na mpira, na straiki halali inaitwa boli, yaani mpira wa nje ya eneo hilo. Fanya hivyo mara mbili tatu kila mechi, kwa msimu mzima, uone hasara yake. Mleta uzi, mtu wako anaupokeaje?

Kiti_cha_Nyuma
Ana mkono wenye nguvu sana, wezi wa besi wanamwogopa. Na Glovu tano hazitolewi bure.

Bi_Hesabu
Umeulizwa kupokea, umejibu kurusha. Na swali langu bado liko pale pale.

Sina_Haraka
Wakuu, hii chai. Tupange wadakaji wenye homurani zaidi ya 300: Johnny Bench ana 389 na Glovu 10. Iván Rodríguez 311, Glovu 13. Gary Carter 324, Glovu tatu. Carlton Fisk 376, Glovu moja. Mike Piazza hana hata moja. Mwenye Glovu tano yuko wapi? Jina hakuna, timu hakuna, maswali yanakwepwa. Mtu amechanganya wachezaji wawili akatuletea mmoja. Na redio gani ya Kiswahili inatoa dakika tano kwa besiboli?

Mwanakwetu_Dar
Hata mimi nimeanza kutia shaka. Mods wauangalie uzi huu.

Kiti_cha_Nyuma
Si chai. Ni kipindi cha redio ya jumuiya, Kansas City. Wasikilizaji wengi ni Wakongomani, na watoto wao wanavaa kofia za Royals, timu ya hapa. Mchezaji ni Salvador Perez. Sikumtaja kwa sababu nilitaka hukumu isiyo na ushabiki. Asilimia ya kufika besi ni kama .300, yaani 30 kwa mia. Haya, nimesema. Lakini Bill Mazeroski ana .299 na yumo Cooperstown! Utangulizi nimeshauwasilisha, unasema "hakuna ubishi", na sioni sababu ya kuubadilisha.

Sina_Haraka
Perez. Hesabu zinakubali, nafuta neno langu. Nilipanga waliostaafu tu.

Bi_Hesabu
Sasa tuanze kazi. Mazeroski aliingizwa mwaka 2001 na kamati ya maveterani, si kwa kura za waandishi, na kilichombeba ni glovu ya besi ya pili ambayo haikuwa na mpinzani. Wewe unaitumia .299 yake kumtetea mtu ambaye glovu yake ndiyo inayobishaniwa. Linganisha mdakaji na wadakaji: Rodríguez .334, Carter .335, Bench .342. Perez yuko mbali chini yao. Sababu ni kwamba hangoji boli nne apewe besi ya bure. Mwaka 2021 alipiga homurani 48, na besi za bure alipata 28 tu kwa msimu mzima.

Halafu chukua WAR, yaani ushindi anaouongezea timu kuliko mchezaji wa akiba wa kawaida. Kipimo cha JAWS cha Jay Jaffe kinachukua WAR ya maisha yote ya uchezaji, kinajumlisha na ya misimu saba iliyo bora, kinagawa kwa mbili. Wadakaji waliomo Cooperstown wana wastani wa karibu 44. Perez, kwa hesabu za tovuti ya takwimu ya Baseball-Reference, anacheza kwenye 30. Usimpime kwa wastani wa besi ya kwanza. Mdakaji hupumzishwa magoti, kwa hiyo mechi zake ni chache. Ukienda FanGraphs, tovuti nyingine ya takwimu, WAR yake inashuka hadi takriban nusu, kwa sababu wao wanahesabu jambo alilolieleza Goti_Chini. Perez ana urefu wa sentimita 191, na straiki za chini zimemponyoka miaka mingi.

Goti_Chini
Ila hapo kuna pande mbili, Bi_Hesabu. Russell Martin alikuwa fundi wa kupokea, na FanGraphs inampandisha sana. Kura za 2025 alipata asilimia 2.3, akaondolewa mwaka wa kwanza. Waandishi bado hawaipigii kura kazi hiyo, na kama hawamlipi anayeiweza, sidhani watamwadhibu sana asiyeiweza.

Bi_Hesabu
Nakubali. Ndiyo maana "anastahili" na "ataingia" ni maswali mawili, na mleta uzi ameyafunga fundo moja. Kwa la pili Perez ana hoja nzuri: unahodha, miaka yote kwenye timu moja, lile pigo la inning ya 12 lililowatoa Oakland mwaka 2014, na World Series ya 2015, mdakaji wa kwanza kuwa bora wa fainali tangu Pat Borders mwaka 1992. Tahadhari yangu ni Jorge Posada: mataji ya Yankees, asilimia ya kufika besi .374, na bado aliondoka mwaka 2017 na asilimia 3.8. Mtazame pia Yadier Molina, mdakaji aliyestaafu, kura yake ya kwanza ni ya 2028. Waandishi wakimkubali kwa uongozi na glovu, mlango wa Perez unapanuka.

Kiti_cha_Nyuma
Basi nitasema anaweza kuingia. "Anastahili" siiachi, ila naihamishia mwisho na .300 naisoma hewani. Nina sentensi nyingine: "48 zake ni rekodi ya wadakaji." Hiyo iko salama?

Goti_Chini
Hapana. Ilikuwa. Perez aliipita 45 ya Bench, lakini Cal Raleigh wa Seattle amepiga 60 mwaka 2025. Na ukihesabu zile tu zilizopigwa mtu akiwa kwenye nafasi ya kudaka, hata 2021 rekodi haikuwa ya Perez. Ilikuwa ya Javy López, 42, mwaka 2003. Nyingine za Perez alizipiga akiwa mpigaji mteule, yaani anapiga tu bila kudaka.

Kiti_cha_Nyuma
Nimeifuta. Tuzo ya Roberto Clemente ya 2024 je? Mhariri anasema haihusu uchezaji.

Mwanakwetu_Dar
Ibakize. Kanuni ya kura inataja uadilifu na tabia waziwazi, pamoja na mchango kwa timu. Msomee mhariri kifungu chenyewe.