Ukoo wa Bi Mkubwa (Wete na Mjini)

Shangazi: Asalaam alaykum. Nimeletewa klipu hapa, watu wanapiga kelele "refa mke, refa mke" na mwanetu wala hageuki 😅

Ami: Nlikuwepo. Penalti ile si penalti.

Mwanarefa: Ami beki kamvuta jezi mpaka imechanika begani!! We ulikaa chini ya mwembe upande wa pili huko na bakuli la urojo, utaona nini

Mamdogo Mjini: 😂😂😂

Ami: Haya. Lakini kazi hii ina mwisho gani, mtoto wa kike kukimbizana na wanaume

Kaka Muscat: Ami kuna Salima Mukansanga wa Rwanda, kasomea ukunga yule, Januari 2022 kule Cameroon kachezesha Zimbabwe na Guinea, AFCON ya wanaume, mwanamke wa kwanza kushika kipenga. Disemba ya mwaka ule ule Frappart Mfaransa akachezesha Ujerumani na Costa Rica kombe la dunia Qatar, na vibendera vyote viwili wanawake

Ami: Hao hawajitandi.

Mwanarefa: Heba Saadieh Mpalestina alishika kibendera kombe la dunia la wanawake 2023 na hijabu yake kichwani. FIFA washaruhusu tangu 2014. Tabu yangu si mtandio ami, nauingiza ndani ya jezi sitii hata pini moja, tabu ni mtihani wa mbio. Mita 75 kwa sekunde 17, unatembea 25 kwa sekunde 20, halafu tena, mara 40, ndo raundi kumi za uwanja hizo. Ukitaka mechi kubwa za wanaume unakimbia muda wao, 75 kwa sekunde 15, hapo ndo nalia

Mamdogo Mjini: Sekunde mbili tu mwanangu?

Mwanarefa: Mbili kila mara mamdogo, na ikifika ya thelathini miguu ishakuwa si yangu 😩

Shangazi: Bibi yupo hapa anauliza hayo mazoezi unafanya wapi

Mwanarefa: Uwanja wa Gombani kule Chake, nikipata nauli. Siku nyengine nakimbia hapa hapa barabarani, mbwa wananisaidia

Bibi: 🎤 0:52

Shangazi: Kwa wasiofungua sauti, Bibi anamuuliza Ami ile vespa yake kila siku inashuka Chake kupeleka nini

Ami: Samaki

Ami: Kesho saa 11:40 alfajiri uwe nje. Sipigi honi.