Mume kaondoka bila kutoa talaka: mke anadaije matunzo?

mshauri_kata
Wakuu, naomba ufafanuzi. Ndoa ni ya Tanzania Bara, mume kaondoka mwaka wa pili huu na hatumi chochote. Talaka hajatoa, na mke haitaki. Barazani kaambiwa asubiri hadi itimie miaka 3, apewe hati, ndipo aende mahakamani. Hiyo miaka 3 inatoka wapi? Na mume asipojulikana alipo, inakuwaje?

wakili_mkongwe
Wamemchanganyia mambo mawili. Miaka 3 imo kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, na ni habari ya talaka: utelekezaji wa makusudi wa angalau miaka 3 ni mojawapo ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika kabisa. Hati ya Baraza la Usuluhishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha, kifungu cha 101, nayo ni ya anayedai talaka.

Matunzo yana njia yake. Kifungu cha 63 kinamtwika mume malazi, mavazi na chakula cha mkewe kwa kadiri ya uwezo wake. Kifungu cha 115 kinairuhusu mahakama kumwamuru alipe akikataa au akipuuza wajibu huo, au akimtelekeza mke, kwa muda wote utelekezaji unapoendelea. Hakuna kusubiri miaka. Aende Mahakama ya Mwanzo. Kifungu cha 76 kinaipa mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa.

Kosa linaloumiza wengi ni kushawishiwa kuandika na talaka kwenye madai "ili yaishe mara moja". Hapo hati ya baraza inahitajika, na ikiwa na kasoro shauri linatupwa huku mama hana senti.

karani_masjala
Naongeza upande wa ushahidi, maana huko ndiko mashauri haya yanakofia. Kifungu cha 116 kinasema kiwango kipimwe hasa kwa uwezo na mahitaji ya pande zote mbili. Kutaja kiasi cha mwezi bila mchanganuo ni kumwachia hakimu akisie, na mara nyingi atakisia chini.

Abebe cheti cha ndoa, barua ya serikali ya mtaa, na hesabu ya kodi, chakula na matibabu pamoja na risiti. Cha maana kuliko vyote ni taarifa ya miamala ya simu: inaonyesha mume alikuwa anatuma kiasi gani na aliacha lini, yaani uwezo wake na tarehe ya kutelekeza kwa karatasi moja. Halafu atafute mwajiri wake, leseni ya biashara, nyumba anazopangisha. Asiongeze chumvi hata kidogo. Tarakimu moja ikibainika ni ya uongo, hata za kweli zitatiliwa shaka.

Kama mume hajulikani alipo, aombe wito upelekwe kwa njia mbadala, kwa mfano tangazo gazetini. Shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Ila amri dhidi ya mtu asiyejulikana kazi wala mali ni ngumu kukazia (kuitekeleza), hivyo juhudi za kumtafuta zianze kabla ya kufungua.

mshauri_kata
Nashukuru sana. Je, watoto wawili waingie humo humo? Na wale walioishi pamoja bila kufunga ndoa?

wakili_mkongwe
Watoto wana Sheria ya Mtoto ya 2009, na maombi yao huenda Mahakama ya Watoto. Apite kwanza kwa Ofisa Ustawi wa Jamii, maana mahakama huweza kutaka taarifa yake.

Wasiofunga ndoa wasome kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa. Walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kutambulika kama mume na mke hudhaniwa kuwa na ndoa. Hata dhana hiyo ikipinduliwa, mwanamke aliyeishi hivyo miaka 2 bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Wengi hukata tamaa kwa kutolijua hili.

karani_masjala
Jambo jingine la haraka kwa huyo mama: nyumba ya ndoa. Kifungu cha 59 kinamkataza mume kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mke. Kama ina hati, aweke zuio kwa Msajili wa Hati sasa hivi, kabla hata wito haujamfikia mume.