Wana Tanga mnaojaza Mkwakwani kuja kuizomea Coastal Union, ushabiki wenu ni wa nini hasa?

Wakuu, habari za mchana. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwa hiyo aliyekuja kutafuta tetesi za usajili apite tu.

Nawasema watu wa kwetu. Watu waliozaliwa Ngamiani, waliosoma hapa hapa, wanaofanya biashara hapa na watazikwa hapa. Siku Simba au Yanga, wale wakubwa wawili wa Dar es Salaam, inakuja uwanja wa Mkwakwani kucheza na Coastal, watu hawa wanatoka majumbani asubuhi wakiwa wamevaa jezi za wageni, wanapanga foleni juani, wanalipa kiingilio ambacho siku hiyo kimepandishwa, wanaingia uwanjani na kwa dakika tisini kazi yao ni moja, kuizomea timu ya mji wao. Jioni wanakaa barazani na kahawa wanajiita mashabiki damu damu. Mwenyeji anacheza ugenini akiwa nyumbani kwake, na hakuna anayeona aibu.

Kuna mechi moja ya namna hiyo ambayo mpaka leo sijaimeza. Nilikuwa jukwaa la mzunguko. Beki wetu wa pembeni, kijana mdogo tu, akaja kurusha mpira hatua chache kutoka tulipokaa. Kaushika mpira, anaufuta kwa jezi, anatafuta wa kumpa, na jukwaa zima linamzomea. Jirani yangu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, jezi yake ya wageni bado ina mikunjo ya kwenye mfuko wa dukani, akasimama na ganda la chungwa mkononi akamwita yule kijana kwa jina la nyumbani. Siyo lile la mgongoni, lile analoitwa na mama yake. Akamwambia aache mpira akauze samaki Deep Sea. Kijana akageuka, akamtazama, akarusha mpira moja kwa moja kwenye miguu ya wapinzani. Mzee akashangilia kama vile bao limeingia.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, huyu si mtoto wa mtaani kwenu?"

Akanijibu, "Uwanjani hakuna mtaa."

Hakuna mtaa! Sasa kama hakuna mtaa, mzee, wewe unawashangilia wale wengine kwa lipi? Kocha wao humjui, winga wao umemwona kwenye televisheni, kesho alfajiri basi lao linarudi Dar es Salaam na hakuna hata mmoja atakayekumbuka kwamba ulikuwepo. Yule uliyemtukana ndiye utakayekutana naye Ijumaa msikitini.

Mimi kipimo changu cha shabiki wa kweli ni kimoja. Usipotokea uwanjani, timu itakukosa? Simba na Yanga zina matawi nchi nzima. Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000, na siku ya mechi kubwa vinajaa. Wewe wa Barabara ya 12 ukiumwa malaria ukabaki kitandani, Jangwani kwa Yanga hawajui na Msimbazi kwa Simba hawajui. Lakini njoo Mkwakwani siku ya kazi, saa kumi jioni, Coastal wanacheza na timu isiyo na jina kubwa. Watu wachache, jukwaa limejaa mapengo. Ukipiga kelele unasikika mpaka kwenye benchi. Mchezaji aliyekosa bao anakutazama usoni. Ukimwambia "haya baba, bado dakika ishirini, kaza", anakusikia kabisa. Pale ukikosekana pengo linaonekana. Na hapo ndipo nyinyi hamjawahi kukanyaga.

Najua mtakachosema, maana nimekisikia mara nyingi. Coastal haishindi. Timu ya kushuka daraja kila mwaka, mtu aende kufanya nini?

Basi tuanze na kushuka daraja, kwa sababu hapo ndipo aibu yetu ilipo. Msimu wa 2015/16 Tanga ilikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Mkoa mmoja, timu tatu. Mwisho wa msimu zikashuka timu tatu, na zote tatu zilikuwa zetu. Zote! Mji mwingine wowote wenye watu wanaojali mpira ungelala na msiba. Hapa watu waliamka wakaendelea kubishana nani kasajili vizuri Kariakoo, Simba au Yanga. Coastal walikaa daraja la chini mpaka waliporudi msimu wa 2018/19, na miaka hiyo yote waliokuwa wanawafuata walikuwa wale wale wachache, wazee wa zamani na vijana wasio na nauli. Leo mnakuja kuniambia timu haishindi. Mlikuwa wapi ilipohitaji watu?

Na si kweli kwamba haijawahi kushinda. Mwaka 1988 ubingwa wa nchi hii ulikuja Tanga, Coastal Union waliuchukua. Miaka miwili kabla yake, 1986, Tukuyu Stars waliutoa ubingwa Dar es Salaam wakaupeleka Rungwe. Mtibwa Sugar wakauchukua 1999 na 2000 wakitoka kwenye mashamba ya miwa. Baada ya hapo hesabuni wenyewe: kuanzia 2001, ukiitoa Azam ya 2013/14, kila ubingwa umeishia kwa wale wawili. Mnadhani imetokea tu? Timu inaishi kwa watu. Watu wakihama wote kwenda upande mmoja, fedha zinahama, wadhamini wanahama, na vijana wenye vipaji wanahama. Halafu aliyehama ndiye anayesimama mbele ya waliobaki na kuwacheka kwamba hawana kitu.

Tuje Julai 2, 2022, Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, Coastal dhidi ya Yanga iliyokuwa imeshachukua ubingwa wa ligi msimu ule. Abdul Suleiman "Sopu" alifunga mabao matatu. Matatu, kwenye fainali, dhidi ya timu iliyokuwa haikamatiki! Dakika 120 zikaisha 3-3, tukafa kwa penalti. Mimi sijawahi kujivunia timu kama nilivyojivunia siku ile, na tulikuwa tumefungwa. Usiku ule hapa Tanga bodaboda zilipita na bendera za kijani na njano, honi mpaka saa sita, na waliopanda ni watoto wa hapa. Kijana mwenye jezi ya Coastal kawafungia mabao matatu kwenye fainali na hakuna aliyempigia hata filimbi. Alipohamia Azam ndipo mkaanza kusema "huyu tulikuwa naye".

Mnafanya hivyo kila mara. Bakari Mwamnyeto alicheza beki Coastal mkimpita barabarani kama hamumwoni. Mwaka 2020 akaenda Yanga, akaja kuwa nahodha, ghafla kila mtu wa Tanga ana hadithi naye. Kipaji chetu mnakitambua kikishavaa jezi ya mtu mwingine.

Msimu wa 2023/24 Coastal walimaliza nafasi ya nne. Juu yao walikuwa Yanga, Azam na Simba tu. Kipa wetu Ley Matampi akachukua tuzo ya kipa bora wa ligi, timu ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Nafasi ya nne kwa timu yenye bajeti ile ni kazi kubwa kuliko ubingwa wa wenye mabilioni, na hilo nalisema bila kuomba radhi. Walipotolewa na Bravos do Maquis ya Angola, humu humu kulijaa watu wa Tanga wanacheka. Mnamcheka nani?

Wapo watakaokuja na hoja ya urithi: baba yangu alikuwa Yanga, babu yangu alikuwa Simba, nimezaliwa nayo. Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, ni timu zilizokuwepo kabla ya uhuru, na kuna familia zimezibeba vizazi vitatu. Mtu wa Kariakoo sina ugomvi naye hata kidogo, ile ni timu ya mtaani kwake. Hata wewe wa Tanga, mpende mkubwa wako wiki zote nyingine za msimu, vaa jezi, lipa kadi ya uanachama, nenda Dar es Salaam siku ya Dabi ya Simba na Yanga. Ninachokuomba ni siku moja au mbili kwa mwaka anapokuja hapa. Siku hiyo kama huwezi kuwashangilia Wagosi, yaani Coastal, kaa kimya. Kuwazomea watoto wa nyumbani mzee wako hakukurithisha. Na baba zenu wengi, mnaojua mnajua, walikuwa na timu ya Dar na timu ya Tanga. Mtu alikuwa Simba na Coastal, au Yanga na African Sports, na mechi ya Coastal na African Sports ilikuwa inagawa nyumba. Nyinyi mmerithi nusu, nusu nyingine mmeitupa.

Halafu kuna wale wa "sisi ndio tunaowaingizia mapato". Ni kweli, siku hiyo mlangoni kunaingia fedha. Lakini fedha ya siku moja hailipi mishahara ya msimu mzima wala nauli ya kwenda Bukoba. Timu zetu za mikoani zimezoeshwa kusubiri mechi mbili za mwaka mzima, ndiyo maana nyingine zinafikia kuhamisha mechi za nyumbani kuzipeleka uwanja wa mbali wenye viti vingi. Mnajivunia hicho? Timu inaukimbia mji wake kwenda kuwatafuta mashabiki wa mpinzani!

Wa mikeka ya kubeti nao wasijifiche nyuma ya neno shabiki. Juzi kati kuna mtu kamtukana mshambuliaji wetu matusi ya nguoni kwa sababu alisawazisha dakika za mwisho na mkeka wake ukachanika. Timu ya mkoani kwake imepata pointi, yeye analia. Mtu huyo nampa jina la mteja wa kampuni ya kubashiri, basi. Na wale wa kibanda umiza, mnaolipia kuangalia mechi za Ulaya kwenye televisheni na kupigana ngumi kwa ajili ya Arsenal na Manchester United huku hamjui Coastal ina mechi lini, sitawapotezea muda leo.

Msije mkasema Watanzania ndivyo tulivyo, haiwezekani. Imewezekana Mbeya. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza chini ya Juma Mwambusi, ikamaliza ya tatu. Watu wazima wote tuliuona msimu ule. Mji mzima ulivaa zambarau na nyeupe. Timu ikisafiri, mabasi ya mashabiki yanafuata nyuma. Uwanja wao wa Sokoine mgeni alikuwa anaingia akijua kaingia kwa watu, awe Simba awe Yanga. Kuna watu wa Mbeya waliokuwa na kadi za hao wakubwa wawili na siku hiyo walizificha. Timu ikaja kushuka baadaye, ndiyo, mpira una hayo, lakini walionja kitu ambacho sisi wenye historia ndefu kuliko wao tumekisahau.

Na viongozi wa soka wa mikoani nanyi msikae pembeni mkifurahia nawasema wengine. Mnataka watu waje, lakini jezi ya timu mtu anaitafuta sokoni haipati, wakati za wale wawili zinauzwa mpaka kwenye mkokoteni wa machungwa ya Muheza. Tarehe ya mechi mtu anaisikia ikishapita. Mtoto wa shule ya msingi anayetaka kuipenda timu ya mji wake mnampa nini ashike? Mchezaji akishawahi kwenda hata shule moja kusalimia, wale watoto hawatamzomea wakikua. Ni kazi ya mchana mmoja tu, haigharimu kitu, na haifanywi.

Hili la kushangilia wageni linakwenda mbali kuliko Tanga. Mei 2023 Yanga wako fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria, kuna Watanzania walikuwa wanawaombea Waarabu. Mei 2025 Simba wako fainali ya kombe hilo hilo na Berkane ya Morocco, mechi ya marudiano ipo Zanzibar, ardhi yetu, upande wa pili wakalipa kisasi kwa kuishangilia Morocco. Mnaita utani wa jadi. Utani una mipaka, na aliyeanza kwa kumzomea mtoto wa jirani yake Mkwakwani atashindwaje kuizomea nchi?

Povu ruksa, njooni. Ila kabla hujaandika neno "shabiki wa kweli" kwenye uzi huu, wewe wa Tanga, taja wachezaji watano wa Coastal Union wa msimu huu bila kuchungulia kwenye simu, kisha useme mara ya mwisho umeingia Mkwakwani siku ambayo Simba na Yanga hazikuwepo ilikuwa lini. Ukimaliza hayo mawili tutajadiliana.