Nodi za kwenye grinihausi zinapoteza bikoni kila mchana, usiku ziko poa

sensa_shamba:

Wakuu habari za leo, naombeni msaada, hii kitu inaniumiza kichwa wiki ya tatu sasa.

Nina nodi 9 (vifaa vidogo vya betri) za LoRa, yaani redio ya masafa marefu isiyokula umeme mwingi, shambani huku Tengeru, zinapima unyevu wa udongo na baadhi zinafungua valvu za umwagiliaji wa matone. Bodi nimechora mwenyewe, chipu kuu STM32L072 na redio SX1276, kristali ya saa ni ile ya 32.768 kHz ambayo datashiti inasema ppm 20 (kosa la sekunde 20 katika kila sekunde milioni). Geitwei, ile inayopokea data za nodi zote, ni Raspberry Pi (kompyuta ndogo), iko ndani ya nyumba, ina intaneti kwa hiyo saa yake inajirekebisha yenyewe. Kila saa moja geitwei inarusha bikoni (ujumbe mfupi wa kuweka saa sawa), nodi inaamka kidogo kabla, inasikiliza, inarekebisha saa yake inarudi kulala. Data zinatuma kila dakika 10, kila moja na zamu yake ili zisigongane.

Hesabu nilipiga hivi: nodi ikikosea ppm 20 na geitwei nayo 20 kwa upande wa pili jumla 40, mara sekunde 3600 ni milisekunde 144, nikaweka nodi iamke milisekunde 150 kabla na isubiri 150 baada. Nodi 7 zilizo nje chini ya migomba hazijakosa bikoni hata moja. Ila mbili za ndani ya grinihausi, usiku safi kabisa, ikifika saa tano asubuhi zinaanza kukosa mpaka saa kumi jioni. Na zikikosa zinawasha redio moja kwa moja mpaka bikoni inayofuata, mA 11 hivi kwa saa nzima, zinaipata, zinalala, bikoni ya mbele yake zinaikosa tena, yaani saa hii inapata saa ijayo inakosa. Betri ya mAh 2600 niliyotegemea imalize mwaka inakata kabla ya miezi mitatu.

Nimebadilisha antena, nimesogeza nodi, wapi. Tatizo ni nini?

Fundi Mawimbi:

Mkuu antena iache kwanza, hilo ni joto. Zile ppm 20 za kwenye datashiti ni za nyuzi 25 tu. Kristali za 32.768 kHz zina umbo la uma wa meno mawili na tabia yake ni kwamba kwenye nyuzi 25 ndio inakimbia kuliko kote, ukipanda inachelewa, ukishuka pia inachelewa. Kanuni ni kama 0.034 mara tofauti ya nyuzi ukiizidisha kwa yenyewe. Weka thamometa ndani ya kile kiboksi cha nodi saa saba mchana uone. Tuseme ni nyuzi 50, tofauti ni 25, 25 mara 25 ni 625, mara 0.034 unapata ppm 21 za kuchelewa na hizo ni JUU ya zile 20 zako. Baridi nayo hesabu hivyo hivyo, usiku wa nyuzi 12 inakula karibu ppm 6.

Sasa nodi ikichelewa kwa zaidi ya milisekunde 150 inaamka inakuta preambo ya bikoni (ule mwanzo wake ambao redio inaushika kwanza) imeshaanza kupita, redio haishiki kitu. Ndio maana inakata ghafla namna hiyo, sio kwamba mawimbi ni dhaifu.

Usikimbilie kupanua dirisha la kusikiliza, kila milisekunde unayoongeza unailipia kila saa kwa nodi zote. Hebu kwanza nodi ihesabu tiki (mapigo ya kristali) kati ya bikoni mbili ikutumie hiyo namba. Kwa saa moja inatakiwa ipate 117,964,800. Ikipata pungufu, gawanya, unajua kristali ile inachelewa kwa ppm ngapi, na hapo unarekebisha MWENDO wa saa sio kusogeza mshale tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea jamani, bikoni ikifika wanaiweka saa sawa halafu wanaiacha ikimbie na kosa lile lile saa nzima tena.

kijiti_cha_solda:

Naongezea kwa Fundi. Umeweka kapasita za ngapi kwenye kristali? Nauliza kwa sababu watu wengi wanachukua 22 pF kwa mazoea ya kristali za 16 MHz. Kama kristali yako inataka mzigo wa 12.5 pF na bodi yenyewe ina kama 3 pF za njia za shaba, unahitaji karibu 18 pF kila upande. Ukiweka 22, mbili za mfululizo ni 11, ongeza 3 za bodi jumla inakuwa 14 na kristali inachelewa hata kabla joto halijaingia. Na usafishe flaksi (ile dawa ya kusaidia solda ishike) yote pale kwenye miguu yake kwa spiriti, grinihausi ina unyevunyevu na flaksi ikinyonya maji ile saketi ndogo inayumba vibaya, mimi nimeshawahi kutafuta kosa kwenye programu siku nne kumbe ni uchafu wa solda.

sensa_shamba:

Wakuu, thamometa imesoma nyuzi 52 saa nane mchana! Kiboksi chenyewe cheusi, kinapigwa jua kupitia nailoni. Na tiki zimekuja pungufu 5,190, nikigawanya ni ppm 44, sawa na milisekunde 158 kwa saa. Kapasita ndio, ni 22 pF. Sasa je nikinunua zile moduli za DS3231 (chipu ya saa iliyo tayari) nimalize kabisa? Naona ni ppm 2.

Fundi Mawimbi:

DS3231 ni nzuri kweli, ina kipima joto chake ndani inajirekebisha, ila angalia maandishi ya juu ya chipu, ikiishia na M ni ya ppm 5. Na nodi 9 ni moduli 9 za kununua wakati tayari una kila unachohitaji. Hiyo 52 yako ni tofauti ya nyuzi 27, inakupa ppm karibu 25, kwa hiyo ppm 19 zinazobaki ni kristali yenyewe na kapasita. Umeona inavyokubali? STM32L072 ina kipima joto ndani, na kwa kuwa chipu inalala karibu muda wote haijipashi joto, ukisoma hicho umesoma na joto la kristali. Soma kila ukiamka kutuma data, jumlisha kuchelewa kwa zile dakika 10, bikoni ikifika unarekebisha ile namba ya kristali peke yake taratibu. Ukitegemea wastani wa saa iliyopita tu utakosea asubuhi jua linapopanda haraka.

mtandao_mdogo:

Mimi nauliza, kwani lazima usubiri saa nzima? Nodi si inatuma data kila dakika 10, basi geitwei ijibu papo hapo na saa ikiwa ndani ya hilo jibu. LoRaWAN (kanuni za mtandao wa LoRa) daraja A ndivyo ilivyo, nodi ikimaliza kutuma inafungua sikio sekunde 1 baadaye. Ppm 44 kwa sekunde 600 ni milisekunde 26 tu. Kwa SF7 (mwendo wa kasi wa LoRa) jibu la baiti 20 linakaa hewani milisekunde 57, sio gharama.

Na kuwa makini na hiyo Raspberry Pi, programu ikisema "tuma sasa" Linux inaweza ikachelewa milisekunde kadhaa na kila mara sio sawa. Chukua saa pale redio inapotoa ishara ya TxDone (imemaliza kutuma), halafu iweke kwenye ujumbe UNAOFUATA. Nodi nayo ichukue kwenye RxDone (imemaliza kupokea).

sensa_shamba:

Wakuu asanteni sana. Nimefanya hivi, kapasita 18 pF, flaksi nimesafisha, joto nasoma kila dakika 10, na kiboksi nimekipaka rangi nyeupe nikakitundika chini ya meza ya miche. Leo siku ya sita, nyuzi za mchana zimeshuka mpaka 41, nodi zote mbili hazijakosa bikoni, kosa kubwa nililoliona ni milisekunde 9 na lilikuja saa nne asubuhi, jua lilipotoka ghafla baada ya mawingu. Dirisha nimelipunguza mpaka 30. Hilo la kujibu papo hapo nalianza kesho kwenye nodi za valvu, maana mkuu mtandao_mdogo umenikumbusha kwamba amri ya kufunga maji haitakiwi kusubiri saa nzima.