Nimestaafu jeshi, nataka kuanza transiti: kampuni kubwa au bosi mwenye gari sita?

Gwanda Kuukuu: Habari za jioni wakuu. Nimemaliza utumishi jeshini mwezi wa tatu, miaka 18, nilikuwa dereva, na Kongo nimeenda kulinda amani. Leseni daraja E ninayo, pasipoti ninayo, kadi ya homa ya manjano ninayo. Nataka kuingia transiti, malori ya mizigo ya nje ya nchi, njia ya Tunduma hadi Lubumbashi. Nimepata sehemu mbili. Moja ni kampuni kubwa, gari zaidi ya mia, ila wanataka nikae kiti cha pembeni miezi mitatu kwa posho ya kununulia vocha. Nyingine ni bosi mmoja wa Tabata, ana gari sita, ananikabidhi Scania wiki hii hii. Moyo wangu uko kwa huyu wa pili, maana kubebwa kama utingo kwa umri huu sioni sawa. Usingizi sipati. Naombeni ushauri, wenye kejeli mpite mbali.

Sukari Guru: Afande, trafiki akikusimamisha Mikese utatoa leseni au utapiga saluti kwanza?

Mama Vitunguu: Mwanangu, mimi nauza vitunguu Ruaha Mbuyuni mwaka wa kumi na moja huu. Madereva wa kampuni kubwa wanalalamika sana, foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, posho ndogo, lakini mwezi ukiisha wanapita wananilipa. Wa bosi mmoja mmoja ndio wananikopa. Daftari ninalo hapa, kurasa mbili zimejaa. Mmoja aliniachia jaketi kama dhamana, akasema anarudi Jumanne. Jaketi hilo mwanangu analivaa shule, amefika kidato cha pili.

Mtumishi Tu: Wastaafu mna haraka gani na barabara? Kiinua mgongo kinunue shamba Kilosa, ufuge, ulale na familia yako. Tunduma na Nakonde, huko mpakani na Zambia, zimeacha wajane wengi ambao waume zao wako hai.

Sukari Guru: Mtumishi umeongea kama mtu aliyewahi kulala Nakonde.

Tela Tupu: Tuacheni utani kidogo. Mleta mada, jeshini ulikuwa unaendesha gari gani?

Gwanda Kuukuu: Malori mkuu. Aina zote.

Tela Tupu: "Aina zote" siyo jibu. Tela umeshavuta? Umeshamrudisha nyuma mnyama mwenye kontena la futi 40 kwenye yadi yenye mlango mmoja?

Gwanda Kuukuu: Tela sijavuta. Niliendesha lori la tani 7, gari la maji, na miaka minne ya mwisho Coaster ya wanamuziki wa kikosi. Lakini udereva ni udereva. Beni, kule Kongo, nimepita kwenye tope ambalo wengi wenu mngeliacha gari mkapanda bodaboda. Na bosi mwenyewe kasema mtihani wangu ni mmoja tu, nikitoka Dar nishuke mlima Kitonga na mzigo salama, basi gari ni langu.

Kona ya Saba: Hebu ngoja. Ukitoka Dar, Kitonga UNAPANDA. Inashukwa na anayetoka Iringa. Wakuu, hii stori ya kutunga, ni chai, tena ya maziwa.

Sukari Guru: Nilijua tu, Coaster ya wanamuziki! Leteni maandazi.

Mdau wa Ubungo: Huyu mwaka jana alikuwa na uzi wa ng'ombe wake kukosa maziwa. Leo komandoo.

Gwanda Kuukuu: Ng'ombe ni wa mama mkwe, na ule uzi niliuandika kwa niaba yake. Kitonga nimepita mara mbili, zote nikiwa abiria, usiku, nimelala. Bosi alimaanisha wakati wa kurudi na shaba, mimi ndiye nimekosea kuandika. Asiyeamini apite.

Tela Tupu: Iwe chai iwe uji, kuna kijana anasoma hapa na kesho atafanya hivyo hivyo. Kitonga ukirudi na shaba, gia ndogo inaingia kabla mteremko haujaanza, breki ya injini inashika, mguu unagusa na kuachia. Mgeni anakanyaga mfululizo. Kona mbili tatu unasikia harufu kama kucha inaungua, unatazama kioo, matairi ya tela yanafuka moshi, na ukikanyaga tena gari halisikii. Lori la tani 7 halikufundishi hilo. Gari zima na mzigo linafika tani 56, ndiyo mwisho wa sheria ya Afrika Mashariki, na kila ekseli ina kipimo chake. Mzigo ukiegemea nyuma, jumla iko sawa lakini mizani ya Vigwaza wanakukamata. Umemuuliza bosi wako faini ya mizani analipa nani? Lita ngapi anakupa kwenda na kurudi? Mkataba wa maandishi upo? Wale wa miezi mitatu hawakudharau, wanaogopa gari lao. Kakae pembeni, utakula vizuri na utalala.

Kona ya Saba: Kama siyo chai, haraka ya nini? Wiki hii hii kuna nini?

Gwanda Kuukuu: Nimeshatoa dhamana.

Tela Tupu: Dhamana ya nini? Kiasi gani?

Gwanda Kuukuu: Ya gari. Milioni 6, toka kwenye kiinua mgongo. Alisema kila dereva wake anatoa, inarudi baada ya mwaka kama gari halijakwaruzwa. Risiti ninayo, kaandika kwa mkono. Ni mtu wa swala tano, na ni shemeji wa afande wangu wa zamani. Mama watoto anajua hela iko benki, msianze na hilo.

Mama Vitunguu: Gari la kwenda Kongo lirudi bila mkwaruzo? Hata sufuria zangu zimebonyea na haziendi popote.

Mdau wa Ubungo: Nafuta niliyosema juu. Mtu hatungi hasara yenye shemeji ndani.

Tela Tupu: Kesho asubuhi nenda na mtu mzima mwenye akili, dai hela yako kabla hujashika usukani. Ukishaondoka na gari, kila kioo kilichopasuka kitakuwa chako.

Gwanda Kuukuu: Nimewasikia. Ila mkumbuke bosi kaniamini wakati wengine wananiona mwanafunzi. Amenipigia sasa hivi, tunapakia salfa kesho saa 11 alfajiri. Swali dogo tu kwa wazoefu: kasema nije na utingo wangu. Posho ya utingo huwa anatoa dereva?