Ndege ya rimoti ya foamu mita 1.2 inalalia mkia: niongeze risasi (yale madini mazito) puani au nifanyeje?

Tiara255:
Wakuu, habari za leo. Ndege ni ya kujitengenezea, ya foamu, bawa liko juu. Bawa lina mm 1,200 ncha hadi ncha, na upana wa mm 200 kote. Uzito wa ndege ni gramu 1,100 pamoja na betri ya LiPo ya seli 3, mAh 2,200 (betri peke yake gramu 180). Sevo (mota ndogo za kusogeza vibawa) ya elevata, kibawa cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua, na ya usukani, cha kugeuza kushoto na kulia, gramu 9 kila moja, zimekaa nyuma kabisa karibu na mkia. Nikiiinua kwa vidole viwili chini ya bawa inatulia kwenye mm 72 kutoka ukingo wa mbele. Betri imebakiwa na mm 40 tu za kusogea mbele. Nipachike risasi puani? Kiasi gani?

La pili: ili elevata ikae sawa imebidi nibonyeze trimu (kitufe cha rimoti cha kurekebisha kidogo kidogo) mara 12. Kuna ubaya?

FundiSevo:
Usiirushe hivyo mkuu. Mm 72 kwenye upana wa 200 ni asilimia 36. Bawa la upana mmoja kwenye ndege ya kujifunzia linataka asilimia 25 hadi 30, yaani mm 50 hadi 60. Pua ikiwa nzito ndege inakuwa mvivu na inatua kwa kasi, lakini inarushika. Mkia ukiwa mzito, ukigusa elevata kidogo tu pua inapanda, bawa linapoteza nguvu ya kubeba, na ukijaribu kuirudisha inapitiliza upande wa pili. Hapo hakuna trimu itakayokuokoa.

Hesabu yake si ngumu. Uko 72, unataka 60, tofauti ni 12. Zidisha kwa uzito wote: 1,100 × 12 = 13,200. Betri ukiisogeza mm 40 unapata 180 × 40 = 7,200. Zinabaki 6,000. Kama risasi itakaa mm 250 mbele ya alama ya 60, basi 6,000 ÷ 250 = gramu 24. Pima umbali wa pua yako mwenyewe, hiyo 250 nimeikadiria.

Na upime ndege ikiwa kamili kama itakavyoruka: betri ndani, propela imefungwa, kifuniko kimewekwa, magurudumu yapo. Bawa likiwa juu unaipima imekaa kawaida. Ndege yenye bawa chini unaigeuza mgongo chini, la sivyo inapinduka vidoleni.

Mizani_Mbili:
Hesabu ya FundiSevo naikubali, ila risasi ni dawa ya mwisho. Gramu 24 za kubeba bure za nini wakati kosa liko wazi? Hizo sevo mbili ni gramu 18. Zitoe mkiani uzilete karibu na bawa. Zikisogea mbele mm 350, ni 18 × 350 = 6,300. Deni lote la 6,000 limekwisha. Waya wa chuma wa kusukuma elevata na usukani utarefuka, nao una uzito, lakini na nyaya za kuunganishia sevo zinaondoka mkiani, kwa hiyo pima upya mwishoni. Huenda ukadaiwa gramu chache tu.

Angalizo: waya wa mm 1 ukiwa mrefu hivyo unapinda unaposukuma. Upitishe ndani ya mrija mwembamba wa plastiki uliogundishwa kwenye mwili kila baada ya mm 100 hadi 150. Usipofanya hivyo, mezani elevata itatii, hewani kwenye kasi itagoma.

Trimu 12: ndiyo, kuna ubaya, maana umeshamaliza sehemu ya nafasi utakayoihitaji angani. Rudisha trimu sifuri, vua propela, washa rimoti kisha ndege, sevo ijiweke katikati. Ng'oa mkono wa sevo, uurudishe ukiwa pembe mraba na waya. Meno ya mhimili wa sevo yakikataa, jaribu mkono mwingine wa ile nyota ya mikono minne. Kwa kawaida idadi ya meno haigawanyiki kwa nne, kwa hiyo kila mkono unakaa tofauti kidogo. Kilichobaki rekebisha kwa urefu wa waya.

BawaJuu:
Msisahau mizani ya kushoto na kulia. Shika mhimili wa mota kwa mkono mmoja, mwingine uwe chini ya mkia, uone bawa lipi linashuka. Gramu 3 hadi 5 kwenye ncha ya bawa jepesi kwa kawaida zinatosha.

Kiasi cha vibawa kusogea kwa kuanzia: eleroni (vibawa vya nyuma ya bawa vya kulalisha ndege kushoto au kulia) na elevata mm 10 hadi 12 kila upande, usukani mm 20 hivi, ekspo (mpangilio wa rimoti unaolainisha stiki karibu na katikati) asilimia 30. Kisha simama nyuma ya ndege. Stiki kulia, eleroni ya kulia INAPANDA. Stiki ya elevata ukiivuta kwako, elevata inapanda. Hili la eleroni kugeuka kinyume linavunja ndege siku ya kwanza. Halafu, propela ikiwa imevuliwa, zima rimoti: mota lazima isimame. Isiposimama, panga upya risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti ndani ya ndege) kabla ya kitu kingine.

Mizani_Mbili:
Nyongeza: ukishapata mm 60, chora mstari wa kalamu ndani pale betri inapoishia na uweke kizuizi cha foamu nyuma yake. Velkro peke yake haitoshi. Ukipanda kwa pembe kali betri inateleza nyuma, na mm 40 ikirudi umerudi karibu mm 67 ukiwa hewani.