Picha za nikahi hazionekani tena kwenye CD. Zimefutika?

Muulizaji: Wakuu, salamu. Nina studio ndogo ya picha hapa Tanga, natumia Linux. Jumamosi nilichoma picha za nikahi kwenye CD-R kwa wodim (programu ya kuchoma diski), nikaweka -multi ili nafasi iliyobaki nije kuitumia. Jana nikaongeza za walima. Sasa nikifungua diski naona walima tu! Sina nakala nyingine, na bibi harusi anazisubiri. Nimeshindwa hata kula.

Jibu: Tulia mkuu, CD-R haifutiki. Kila awamu ya kuchoma huitwa sesheni; kompyuta inasoma orodha ya sesheni ya mwisho tu, na wewe hukuiunganisha na ile ya kwanza. Ifungue ya kwanza yenyewe:

sudo mount -t iso9660 -o ro,session=0 /dev/sr0 /mnt

Zinakili leo leo, kabla ya kugusa kitu kingine.

Jibu: Siku nyingine, kabla ya kuongeza, anza na wodim -msinfo dev=/dev/sr0. Itakupa namba mbili zenye mkato katikati. Zipeleke kwa genisoimage (programu inayoandaa faili la kuchoma) kama zilivyo, bila nafasi:

genisoimage -R -J -C namba -M /dev/sr0 -o mpya.iso walima/

Ukisahau -C na -M ndiyo yanatokea haya. Usiongeze vipicha viwili vitatu kila siku pia: kufunga sesheni ya kwanza hula kama MB 22, zinazofuata kama MB 13 kila moja.

Muulizaji: Zimerudi zote 212! Nimeshazinakili kwenye flashi mbili. Mungu awabariki, ndugu zangu.